Kwa Jedidah, Aliyeshona Vitabu Saba vya Ubudha kwa Uzi wa Nyavu

Mwaka umezunguka, Jedidah, tangu Jumatano ile ulipoiacha sindano na usiishike tena.

Tukikaa kukukumbuka tunaanza na yale ambayo hukuwa nayo, kwa kuwa wewe mwenyewe ulizoea kuyataja ukicheka. Hukuwa na cheti cha kidato cha nne. Hukuwa na pasipoti, wala hukuwahi kwenda mbali kupita Isebania mpakani, na huko ulifuata vitenge tu. Hukuwa na duka la kuta nne. Kibanda chako pale Rongo, kwenye njia ya kwenda chuo kikuu, kilikuwa na kuta tatu na pazia. Hukuwa na mashine ya kujalidi vitabu. Hukuwa na meno mawili ya juu, na hukuziba mdomo kwa sababu hiyo. Na katika miaka yako sitini na minne hukukutana na Mbudha hata mmoja. Hata hivyo wanafunzi wa dini walikuwa wakipanga foleni mbele ya pazia lako kukuuliza waanze na kitabu kipi.

Ulizaliwa ufukweni Homa Bay, na baba yako, aliyekosa mtoto wa kiume, alikufundisha kushona nyavu. Ulipoolewa ulikuja na ujuzi huo huku bara, mahali ambapo hakuna wavu wa kushonwa. Ukakaa nao hadi siku ulipomwona mwanafunzi akikusanya kurasa za kitabu chake zilizotawanywa na upepo. Ukazishona kwa uzi mwembamba wa nyavu za omena, dagaa wa ziwani, ukafunga fundo la baba yako. "Samaki hawezi kulifungua hili," ulimwambia, "sembuse wewe." Hiyo ndiyo ikawa kazi yako kwa miaka kumi na saba.

Mwalimu Walter alikuwa akifundisha historia ya dini hapo chuoni. Ujanani alisomea Sri Lanka, akarudi na vitabu alivyovipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wake. Mwaka aliostaafu, akijiandaa kurudi kwao Kitale, alikuletea saba vilivyochakaa zaidi, vimo ndani ya katoni ya sabuni. Vyote vilihusu Wabudha: historia yao, mafundisho yao, mahekalu yao, sherehe zao, maisha ya watawa wao, jinsi jamii zao zinavyoishi Sri Lanka, Tibet na Japani. Mchwa walikuwa wamekula pembe za kurasa, na namba zake zikaenda tumboni mwa mchwa.

"Nitavifuata, Mama Elvis," alisema.

"Vitarudi vyote saba," ulimjibu, ukaandika maneno hayo hayo katika daftari lako la kazi na kutia sahihi. Hakuna aliyekuomba sahihi.

Kwa kuwa namba hazikuwapo, hukuweza kupanga kurasa bila kuzisoma. "Ukurasa ni kama mtoto," ulisema, "lazima ujue amemfuata nani tumboni." Kiingereza chako kilikuwa cha kidato cha pili, basi ukaazima kamusi ya mumeo Javan, ile aliyoipata alipomaliza masomo ya ngumbaru na ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Alikupa. Mwanzoni alidhani unasoma ili umshinde. Baadaye akawa ndiye anayekuuliza jioni, kabla hata ya kunawa mikono, "Leo wamefika wapi hao Wabudha wako?"

Nawe ulimweleza. Ulimweleza habari za mfalme aliyeshinda vita, akaona maiti, akaagiza majuto yake yachongwe kwenye miamba ili kila mpita njia ayasome. Ulimweleza habari za vitabu vya zamani vilivyoandikwa juu ya majani ya mtende, yakatobolewa matundu na kuunganishwa kwa kamba, na wanawake wa vijijini wasiojua kusoma wakavifunga kwa vitambaa walivyofuma wenyewe, wakiamini kwamba kukitunza kitabu ni tendo jema hata kama hutakisoma. Lakini lililokufurahisha zaidi lilikuwa la mtawa. Mtawa yule hana shamba, hana mke, hana mfuko. Ana bakuli la kupokelea chakula, ana vazi la viraka, ana wembe. Na sindano.

"Umesikia, Baba Elvis? Mtu ameacha dunia yote, lakini sindano wamemwachia."

Tangu siku hiyo ulifanya kazi kama mtu aliyepewa barua ya ajira.

Wanafunzi walipojua, walianza kuja. Ulikuwa na mpangilio wako, na ulichomeka karatasi ndogo za penseli ndani ya kila kitabu kuwaelekeza. Aanze na cha historia, ajue ni nani alitoka wapi na lini. Kisha cha jamii, aone watu wanakula nini, wanazika vipi, wanagombana kwa sababu gani. Cha mafundisho kije mwisho. "Ukianza na mafundisho utadhani ni watu wa kukaa wamefumba macho tu. Wana mashamba, hao. Wana wakwe."

Kijana mmoja alikuuliza, "Mama, kwani wewe ni Mbudha?"

"Mimi ni wa kwaya ya kina mama, sauti ya pili," ulisema. "Lakini jirani akikueleza habari za nyumba yake, utaziba masikio kwa sababu hulali huko?"

Shemeji yako Cephas, ambaye ni mzee wa kanisa kule Migori, alikuja akiwa amevaa koti la Jumapili siku ya Jumanne. "Shemeji, watu wanasema umeanza kuweka sanamu."

"Waambie waje wanisaidie. Ninazo saba, na zote zimeng'oka mgongo."

Cephas alicheka, akanywa chai, akaondoka bila kukigusa kitabu chochote.

Kisha vidole vyako vikaanza kuvimba, na baada ya vidole, miguu. Ulishona ukiwa kitini, halafu ukashona ukiwa kitandani. Vitabu sita ulivimaliza. Ukavifunga vyote katika leso yako ya kijani, kile cha saba kikiwa juu na sindano ndani yake, ukaviweka kwenye sanduku. Hospitalini, siku mbili kabla ya kutuacha, ulimshika mumeo mkono ukamwambia, "Baba Elvis, vile vitabu si vyangu."

"Najua," alisema.

Hapa ndipo tunapotaka kukuomba msamaha, na tunataka waliohudhuria msiba wako wasikie pia.

Baada ya mazishi ilifika siku ya kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi yetu. Dada yako Lynnet ndiye aliyeongoza. Masufuria yakatoka, vitenge vikatoka, kisha sanduku likafunguliwa na ile leso ya kijani ikafunguliwa. Shangazi mmoja alishika mashavu akasema, "Kumbe ndugu yetu Javan ana maktaba nyumbani." Watu wote wakageuka kumtazama Javan, na walimtazama kwa heshima. Mtu huyu, Jedidah, unamjua. Alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na minane, amebanwa katika dawati la watoto baada ya zamu yake kiwandani. Maisha yake yote alitamani kusikia neno lile likitajwa juu ya nyumba yake. Alifungua mdomo aseme kwamba vitabu vina mwenyewe. Akaufunga.

Basi vikagawanywa. Lynnet alichukua viwili. Mwanao Elvis na mkewe Nyasuguta walichukua vitatu, wakaenda navyo Kegonga. Cephas alipewa kimoja, akakipokea kwa ncha za vidole. Cha saba, chenye sindano, Javan alikichukua mwenyewe.

Miezi minne baadaye barua ilifika posta ya Rongo kutoka Kitale. Mwandishi wake alikuwa Lorine, binti wa Mwalimu Walter. "Baba haoni tena," aliandika, "na moyo wake umechoka. Kila siku ananiomba nimsomee vitabu vyake vilivyoko kwako, Mama Jedidah. Anasema akivigusa tu atakitambua kila kitabu, na mishono yako pia. Tumepiga simu yako mara nyingi haipatikani. Tafadhali tujulishe kama vipo, maana daktari ametuambia tusingoje sana."

Hawakujua kwamba umefariki. Waliandika kwa jina lako.

Javan aliisoma barua ile akaiweka chini ya redio. Ikakaa hapo wiki sita. Kwetu, kitu cha marehemu kikishagawiwa hakiombwi tena. Anayekiomba anafukua kaburi. Kwa upande wa pili, neno lako lilikuwa limeandikwa daftarini, *vitarudi vyote saba*, na sahihi yako chini yake, na mzee kipofu alikuwa Kitale akisubiri. Wiki ya saba alivaa viatu, akaenda Homa Bay.

Alimkuta Lynnet akigeuza omena walioanikwa juu ya nyavu. Alimweleza alichofuata.

"Shemeji," alisema Lynnet bila kuinua macho, "hata sufuria yenye tundu haiombwi. Wewe ni mzee, unataka nikufundishe?"

"Sufuria ilikuwa yake. Vitabu havikuwa vyake."

"Na siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Lynnet alinyooka. "Kwa hivyo ulikaa pale kwa kiti chako, ukatuacha sisi watu wazima tuchukue vitu vya wenyewe, ili uonekane uko na maktaba."

"Ndiyo."

"Dada yangu aliolewa na mwanaume wa kujisikia. Nilimwambia mapema, akasema utakoma ukizeeka." Akajifuta macho kwa mkono wenye magamba ya samaki. "Vitabu vyangu viko chini ya mto. Sivisomi. Vinanuka ile gundi yake."

Kisha Lynnet akasema jambo ambalo lingekufurahisha, kwa sababu ni wewe mtupu. "Usiniombe. Ukiniomba tumevunja desturi. Nisomee hiyo barua ya msichana, halafu nyamaza. Mimi mwenyewe nitaona la kufanya."

Akamsomea. Lynnet aliingia ndani akatoka na vitabu viwili vimefungwa kwa kanga. "Nimeamua kumpelekea mwenyewe vitu vyake," alitangaza kwa sauti, kana kwamba kuna baraza. "Hakuna mtu ameniomba."

Hivyo ndivyo mumeo alivyofanya kila mahali: alisoma barua, akanyamaza.

Kegonga, Nyasuguta alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja ncha ya leso yake. Akaleta vitabu vitatu, lakini kimoja alikishikilia kifuani.

"Baba, kuna makosa. Mtoto amechora ng'ombe kwa ukurasa wa Tibet."

"Ng'ombe wa nani?"

"Ni yule wetu mweusi. Ameweka mpaka kengele."

Javan alitazama. Alikuwa ng'ombe mzuri. "Mwache. Mama mkwe wako alisema hata huko wanao, wenye manyoya marefu."

"Alinieleza mimi pia," alisema Nyasuguta. "Nilipokuja kuolewa kwenu sikujua Dholuo, lugha yenu, na watu walikuwa wananiongelesha kama kiziwi. Yeye alinikalisha kwa kibanda akanisomea habari za hao watu wa mbali, kwa Kiswahili, pole pole. Aliniambia, 'Sasa wewe na mimi wote ni wageni hapa.'"

Hatukujua hilo, Jedidah. Hukutuambia.

Migori kulikuwa kugumu. Cephas alisikiliza barua, akatazama dari, akatazama viatu.

"Sikuchoma," alisema hatimaye.

"Sijakuuliza kama ulichoma."

"Kilikuwa na sanamu kwa jalada, imekaa inanitazama. Niliogopa kukichoma na niliogopa kukiweka. Nikampelekea Ahmednur afungie misumari."

Ahmednur ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Migori. Javan na Cephas walikwenda pamoja, Cephas akitembea hatua tatu nyuma. Barua ikasomwa kati ya mabati na makopo ya rangi. Ahmednur aliposikia jina la Walter alipanda ngazi, akatoa kitabu kwenye rafu ya juu kabisa, kimefungwa kwa nailoni, hakina hata tone la vumbi.

"Mzee, huyu ndugu yako aliniambia nikichane," alisema. "Nikafungua, nikaona ndani kuna jina la mtu kwa wino. Kitu chenye jina la mwenyewe ni amana. Ningefungiaje misumari?"

"Lakini si dini yako," alisema Cephas.

"Amana haina dini, mzee wangu."

Cephas alikipokea kitabu kile kwa mikono miwili, sanamu ikimtazama, akakibeba yeye mwenyewe mpaka Rongo.

Vikawa sita. Kilichobaki kilikuwa nyumbani kwako, na hicho ndicho mumeo hakutaka kukitoa.

Ni kile cha maisha ya watawa. Ulikuwa umefika nusu ya mgongo wake. Sindano ilikuwa bado katika tundu na uzi ukining'inia, na kando yake karatasi yako ya penseli: *Hapa nimeacha Jumatano. Mikono inauma. Kesho.* Kwa mwaka mzima Javan alikuwa akifungua kitabu pale pale, akisoma maneno hayo, akifunga. Alisema vitabu sita vinatosha. Alisema mzee kipofu hatahesabu. Lynnet, aliyekuwa amekuja kutoka Homa Bay kwa maandalizi ya ibada yako, alimwambia, "Atavigusa kimoja kimoja, shemeji. Kipofu ndiye anayehesabu."

Kisha akamwekea kitabu mapajani na kumwonyesha fundo la baba yenu. Vidole vya mumeo vimezoea vyuma vya kiwandani, si uzi. Alilikosea mara tisa. Lynnet alihesabu kwa sauti. "Mara ya kumi ukikosea naenda kuvua samaki mwenyewe." Mara ya kumi likashika. Alimaliza mgongo ule kwa siku tatu, mchana, akiwa amekaa kwenye kiti chako kibandani. Mishono yako imenyooka kama mistari ya daftari. Ya kwake inapanda na kushuka. Mtu yeyote atakayepitisha kidole ataona mahali ulipoishia wewe na mahali alipoanzia yeye.

Tunakukumbuka, Jedidah, kwa mkono wako ulionukia gundi na dagaa. Tunakukumbuka ukilamba uzi kabla ya kuupitisha tunduni. Tunakukumbuka ukiwakemea vijana wanaokunja pembe za kurasa, na ukiimba sauti ya pili peke yako, bila ya kwanza, tukabaki tunaukisia wimbo. Wanafunzi bado wanakuja. Wanasimama mbele ya pazia, wanaambiwa, wanavua kofia. Tumenakili mpangilio wako wa kusoma katika daftari, tukalitundika pale penye msumari wako, ili anayetaka kuwajua watu wale wa mbali ajue pa kuanzia.

Wanaokukumbuka ni mumeo Javan. Wanao Elvis na Levi. Mkaza mwanao Nyasuguta. Dada yako Lynnet. Shemeji yako Cephas. Wajukuu zako wote, akiwemo yule mchora ng'ombe. Na kwaya ya kina mama. Siku zote zilizobaki kwetu, jina lako litakuwa mdomoni mwetu.

Leo asubuhi, baada ya ibada na kabla ya kulipeleka tangazo hili gazetini, tulivifunga vitabu saba katika leso yako ya kijani, tukavitia ndani ya katoni, tukaishona katoni ndani ya gunia. Barua aliiandika Javan kwa mkono wake, na kila aliyewahi kushika kitabu alitia sahihi chini. Ahmednur alituma jina lake kupitia Cephas. Barua ilisema hivi:

*Mwalimu Walter, pamoja na salamu. Mama Elvis hakuitikia simu kwa sababu alitangulia mbele za haki mwaka jana. Vitabu vyako vimechelewa kwa kosa langu, si lake. Alisema vitarudi vyote saba, na vyote saba hivi hapa. Katika kimoja utagusa mshono mbaya. Huo ni wangu. Kuna karatasi zake ndani, Lorine akusomee. Karatasi moja tu hatukuileta. Tunakuomba utuachie hiyo.*

Pale posta mumeo aliikunja mara tatu, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi kama ulivyokuwa ukilamba uzi, akaibana kwa kiganja hata ikashika. Karani alinyoosha mkono kuipokea. Javan hakuiachia mara moja. Lynnet akamgusa kiwiko, naye akaiachia, na mzigo ukaenda.